Mwito wa Muyama

Injini ilikohoa mara mbili, ikatema moshi mweusi, ikanyamaza. Twalibu, mwenye boti, aliitukana kwa Kimanyema, akaibembeleza kwa Kiswahili, kisha akavuta kamba yake mpaka kiganja kikachubuka. Haikumsikia kwa lugha yoyote. Upepo wa kusi, ule wa Agosti usio na adabu, ukaigeuza boti ubavu na kuanza kuisukuma kwenye majabali.

"Mama, kaa chini!" Twalibu alifoka. "Kaa chini, usishike ukingo!"

Tunu alikuwa amekaa chini tangu Kigoma. Alikuwa amekalia magunia yake matupu, macho ameyafumba, anamwomba Mungu kwa ahadi ambazo hata yeye alijua hatazitimiza. Mtu wa Muyama na maji mengi ni wapi na wapi. Kwao, kwenye vilima vya Buha, maji hukaa bondeni na wala hayamfuati mtu alipo. Alikuwa na kijiduka Kasulu mjini, akiuza dagaa miaka mingi, na miaka yote hiyo aliwanunua kwa watu waliotoka nao ziwani. Mwaka huo wa 2014 ndio alijitia ujasiri wa kuwafuata mwenyewe, huko kusini kwenye vijiji vya wavuvi. Sasa aliujutia ujasiri huo kwa sauti.

Abiria mwenzake alikuwa mmoja tu, Kalunga, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Yeye alizaliwa ng'ambo ya ziwa hilohilo na hakupoteza muda kwa maombi. Alikuwa anachota maji kwa kidumu kilichokatwa shingo na kuyamwaga nje, anachota na kumwaga. Tunu alimfahamu kutoka soko la Kasulu. Walishavutana bei mara nyingi, wakatupiana maneno na kucheka, basi. Hakujua hata kama ana mke.

Wimbi liliwanyanyua, likawaweka juu ya mwamba kwa kishindo, likawavuta, likawarudisha tena. Mbao zikapasuka. Tunu alimwona Twalibu akitupwa majini akiwa amekumbatia pipa la mafuta, kichwa chake kikatokea mara moja mbali, kisha hakikuonekana. Mkono ukamshika yeye nguo ya mgongoni na kumsukuma juu ya jiwe. Ulikuwa mkono wa Kalunga. Wimbi lililofuata likaibana boti kwenye jabali, na mguu wa Kalunga ulikuwa katikati.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ah, Mungu," taratibu, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

*

Ufuko wenyewe ulikuwa mfupi, umebanwa na ukuta wa mawe ulioenda juu mpaka shingo ikauma kuutazama. Mawe yale yalipangana tabaka juu ya tabaka, mekundu, ya kijivu, mekundu tena, kama nguo zilizokunjwa kabatini. Juu ya vichwa vyao ulipita mstari mweupe wa chokaa, alama ya pale maji ya ziwa yalipowahi kufika zamani. Chini hapakuwa na mchanga, ila kokoto za mviringo zilizosuguliwa na mawimbi zikawa laini kama mayai. Ukiingia majini hatua chache, sakafu inakwisha, na maji yanageuka ya buluu nzito isiyoonyesha kitu.

Tunu alimvuta Kalunga mpaka kwenye kivuli cha jabali. Ngozi ya muundi ilikuwa imefunguka hadi mfupa, na kifundo kilielekea upande ambao kifundo hakielekei.

"Usiangalie sana," Kalunga alisema. "Osha. Mayi iko mingi."

Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo neema pekee waliyokuwa nayo. Maji ya ziwa yanakunywika. Tunu aliosha kidonda, akachana kipande cha kanga yake, akafunga. Vipande viwili vya mbao za boti vikawa gango la kushikilia mguu. Kiberiti kilikuwa kimelowa na kugeuka uji. Chakula kilikuwa kipande cha muhogo wa kuchemsha kilichobaki mfukoni mwa Kalunga, na kilikuwa na ladha ya mafuta ya injini.

"Tuko wapi?"

"Ndani ya hifadhi. Lubembe. Hapa batu hawaishi, walitolewa zamani. Wavuvi nao wanapita mbali, wanaogopa askari wa wanyama." Kalunga alinyoosha kidole kusini, ambako rasi yenye jiwe jeupe iliingia ziwani. "Kituo cha askari iko nyuma ya ile jiwe. Twalibu alinionyesha safari ingine."

Palikuwa mbali. Kati yao na jiwe lile msitu ulishuka kutoka mlimani hadi kunywa maji, na hapakuwa na moshi, paa wala mtumbwi.

Upepo ulipotulia jioni, ukungu wa moto wa nyasi ulikuwa umefagiliwa, na ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo ikajitokeza. Kalunga aliitazama bila kupepesa.

"Kule ndiko kwetu," alisema. "Baba alikuwa anasema dunia ilipasuka hapa katikati, mayi ikaingia. Kipande moja ikabaki kwenu, ingine kwetu. Tangu tisini na sita sijakanyaga."

Tunu naye aliitazama milima ile. Miaka yote ile alikuwa amemwuliza bei tu, na aliona haya.

*

Kesho yake alipanda juu ya jabali na kuita. Aliita kama walivyoita kwao Muyama, ambako nyumba ziko kilima hiki na shamba kilima kile, na anayetaka mtu hashuki bonde zima kumfuata. Kwanza unatoa sauti ndefu isiyo na maneno, uone kama kuna mtu. Akirudisha, unataja jina lako, naye anataja lake. Ndipo mnaanza kuzungumza. Anayerudisha sauti bila kujitaja, mama yake alimfundisha, si wa kumfuata.

"Huuuu! Yeweee! Ni jewe Tunu!"

Jabali lilimrudishia sauti yake mwenyewe. Tai mvuvi akaruka kutoka mtini, akalia, akaenda zake. Tunu alijishtukia. Tangu ahamie mjini na mumewe, na tangu mumewe afe akabaki na redio, hakuwahi kumwita mtu namna ile. Mjini watu hupigiana simu. Na simu yake, hata kabla ya kuzama ziwani, ilikuwa na siku nyingi za ukimya.

Aliposhuka, Kalunga alikuwa anacheka huku meno yakigongana kwa homa. "Unapiga kelele kama mwenye kijiji! Nini hii 'ni jewe'?"

"Ni kusema 'ni mimi.' Unataja jina ili mwenzio ajue anajibu nani. Jaribu."

"Hapana."

"Jaribu tu, kaka. Labda sauti ya mwanamume inafika mbali."

Kalunga aliacha kucheka. Aliokota kokoto, akaigeuzageuza. "Wakati wa vita," alisema, "walikuja kijijini na majina. Wanasimama nje, wanaita. 'Fulani! Fulani!' Kwa sauti nzuri, kama rafiki. Kaka yangu aliitika. Mimi nilinyamaza ndani ya migomba. Kwetu, Mama Tunu, jina yako ukiisikia nje, unanyamaza. Na wewe mwenyewe huitaji."

Tunu aliketi karibu naye. Hakumlazimisha tena. Samaki wadogo wenye mistari walikuwa wanakula ukungu wa kijani juu ya mawe majini, na fisi maji alichomoza kichwa, akawatazama wote wawili, akazama.

Asubuhi iliyofuata bandeji ilinuka. Mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, ngozi inang'aa. Wote wawili walijua maana yake.

"Naenda kituoni," Tunu alisema.

"Nenda. Lakini sikia, dada. Usiache ziwa. Mkono yako ya kuume isikie mayi kila saa. Milima ya hapa si ya kwenu."

"Nitarudi kabla jua halijazama."

Alimjazia kidumu maji, akakiweka karibu na mkono wake. Kalunga alimshika kidole kimoja, akakiachia. Tunu aliondoka bila kugeuka, maana angegeuka asingeondoka.

*

Mwanzoni ufuko ulimchukua vizuri. Aliruka mawe, akavuka kijito mbali na mamba aliyekuwa akiota jua mdomoni mwake, akampisha nyoka mweusi wa maji aliyejianika kwenye ufa wa jabali. Kisha ukuta wa mawe ukatumbukia moja kwa moja ziwani na njia ikaisha. Ilibidi apande juu, azunguke, ashuke upande wa pili. Alipanda kwa mikono na magoti, akishika mizizi, mpaka akafika kwenye mgongo wa kilima. Na kwenye mgongo wa kilima, mtu wa Muyama akifika hafanyi kingine. Aliita.

"Huuuu!"

Kutoka bonde la pili, ndani ya miti, sauti ikarudi.

"Huuu! Huu! Huuu!"

 Aliita tena, wakajibu tena, tena si mmoja, ni wengi. Alitaja jina lake kwa nguvu zote. Wakajibu kelele tupu. Umbali unameza maneno, alijiambia. Kisha akasikia kitu kilichomwondolea wasiwasi wote: du, du, du-du. Mtu alikuwa anatwanga kwenye kinu. Saa hizo kwao ndiyo saa ya kutwanga sombe, yaani kisamvu.

Pale alikosea, na alikosea kwa furaha. Mtu wa mjini angeogopa msitu akarudi ufukoni. Mvuvi angeyajua yale makelele. Ni mtu wa vilimani tu, aliyekulia kwenye kujibiwa, ndiye angelipa ziwa kisogo na kukimbia vile. Alishuka bondeni, kanga inanasa kwenye miiba, anaita huku anahema. Alikuta njia pana iliyokanyagwa vizuri, naye akaishukuru, asiione kinyesi cha nyati kilichojaa juu yake. Kando ya njia alijikwaa kwenye jiwe la kusagia, limechimbika katikati kwa kazi ya miaka, nyasi zimeota pembeni. Watu! Akaongeza mwendo. Jiwe lile lilikuwa halijashikwa na mkono tangu wenyeji walipohamishwa.

Mlio wa kutwanga ulikuwa karibu sasa. Alitenga majani.

Sokwemtu mkubwa, mabega mapana, mvi mgongoni, alikuwa amesimama kwenye mizizi ya mti iliyotuna kama mbao. Aliipiga kwa miguu na viganja: du, du, du-du. Juu matawini wengine walikuwa wanakula matunda. Mama mmoja alimkumbatia mwanawe. Walimtazama Tunu wote kwa pamoja, kwa macho ya watu wanaoona mgeni kaingia bila hodi. Kisha wakapiga ile sauti yao ndefu, na kutoka bonde la mbele zaidi wenzao wakawaitikia.

Hawakuwa wamemdanganya. Walikuwa wanaitana wenyewe.

Tunu aliketi pale alipokuwa na kulia kwa sauti, kamasi na machozi pamoja, bila kujali nani anamwona. Alimlilia Kalunga na mguu wake. Alilia pia kwa sababu ya redio, na simu isiyolia, na nyumba ya Kasulu ambayo akitoka hakuna anayeuliza arudi lini. Alipoinua uso jua lilikuwa limepita nyuma ya kilima, na haijulikani ni kilima kipi. Sikio lake la kuume halikusikia ziwa. La kushoto nalo halikusikia.

Giza lilimkuta chini ya mwamba uliojitokeza. Kabla halijashika, aliwaona sokwe wakikunja matawi na kutandika, kila mmoja akipanda kitandani kwake, wakinong'ona kidogo kabla ya kulala, kama familia yoyote. Mahali fulani chui alikohoa. Tunu alijikunyata, akamwambia Kalunga samahani, akamwambia mara nyingi.

*

Kulipokucha akili ilimrudia. Hakuita. Alitafuta sehemu iliyozama, akakuta unyevu, kisha kamfereji, kisha kijito, naye akakifuata. Vilima vya Lubembe huenda si vya kwao, lakini maji ya huku nayo hushuka. Njiani aliokota mabungo yaliyodondoshwa na sokwe, akala mpaka meno yakaingia ganzi kwa uchachu, mengine akayafunga kwenye kanga. Ya Kalunga.

Kijito kilimfikisha ziwani, na Tunu akalitambua jabali lenye mstari mweupe. Alikuwa amezunguka msitu mzima akarudi karibu na alikoanzia. Alijiambia atampa mabungo, ataosha kidonda, kisha ataanza upya, na safari hii hata malaika amwite hataacha maji. Alikimbia.

Ufuko ulikuwa mtupu.

Kidumu kilikuwa kimeanguka. Kipande cha kanga yake kilichokauka damu kilikuwa kwenye kokoto. Na kutoka pale alipokuwa amelala Kalunga, kokoto zilikuwa zimetawanywa katika mstari mpana, mzito, wa kitu kilichoburutwa, na mstari uliingia majini.

Jana aliona mamba akiota jua pale kijitoni. Hakuhitaji kuambiwa.

Aliketi. Aliyafungua mabungo, akayapanga kwenye kokoto bila sababu. Ng'ambo, milima ya Kongo ilikuwa wazi kabisa, kila bonde linaonekana, na mtu aliyestahili kuitazama hakuwepo. Tunu alihisi upweke ambao hajawahi kuuhisi, hata siku ile alipotoka kumzika mumewe. Siku ile kulikuwa na watu wa kumshika mkono.

"Huuuu!"

Sauti ilitoka upande wa kusini, nyuma ya ukuta wa mawe. Tunu hakuinua kichwa.

"Huuuu! Huuu!"

"Nyamazeni," alisema taratibu. "Leo simo."

Zikaja sauti nyingine, nzito, nyingi pamoja, hazina neno ndani yake. Aliziba masikio kwa viganja. Zilipita, zikasogea mbali. Alipoondoa mikono zilikuwa karibu kwisha, na ziwa limeanza kusikika tena peke yake.

Ndipo ikaja moja iliyokwaruza, nyembamba, ya mtu asiyejua namna ya kufanya anachokifanya.

"Yeweee! Ni jewe..." Ikakatika. Kisha, kwa nguvu, kama mtu anayetapika kitu alichokimeza miaka: "Ni jewe Kalunga! Mama Tunu! Ni jewe Kalunga!"

Tunu alisimama.  Aliingia majini hadi magotini, akaita, sauti ikatoka vibaya, kama ya jogoo mchanga.

"Ni jewe! Ni jewe Tunu!"

"Taja tena!"

"Ni jewe Tunu! Niko hapa!"

Boti ya askari ilichomoza nyuma ya jabali. Twalibu alikuwa mbele, amefungwa bandeji kichwani, anapunga mikono yote miwili. Pipa lake la mafuta lilimfikisha mbali, wavuvi wakamwokota, na alfajiri ile akawaleta askari mpaka ufukoni. Walikuwa wamembeba Kalunga juu ya ubao wa boti iliyovunjika na kumburuta hadi majini. Sasa alikuwa amelazwa katikati ya boti, amefunikwa blanketi, uso umekuwa wa majivu.

"Huyu mzee ni mbishi," askari mmoja, Felisiani, alimwambia Tunu akimvuta ndani. "Tulitaka kumkimbiza Kigoma tangu asubuhi. Kagoma. Anasema mpaka upatikane. Tumeita mpaka tumekaukwa, mama. Hukutusikia?"

"Niliwasikia."

"Sasa?"

 Tunu alikuwa amepiga magoti karibu na Kalunga, anamfungulia bungo kwa meno.

"Niliwaambia," Kalunga alinong'ona. "Niliwaambia, huyu hawezi kujibu kelele. Anataka jina."

"Na wewe ukalitaja."

"Nikalitaja." Alifumba macho. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni. "Yoo, dada. Nilitetemeka."

*

Madaktari walikata mguu chini ya goti. Waliuchelewa kidogo tu, walisema, na Tunu alilibeba neno hilo "kidogo" nyumbani Kasulu, likalala naye. Kalunga alipohamishiwa hospitali ya Kabanga, karibu na Kasulu, alikwenda kumwona kila wiki na dagaa wa kukaanga. Alijua sasa kwamba ana mke, Apoline, na kwamba mke huyo ana ulimi mkali, na kwamba kaka yake aliyeitika aliitwa Serge.

Kisha Kalunga akaruhusiwa kurudi kambini, mvua zikaanza, na barabara ya huko ikawa tope. Wiki moja hakupata habari, na ya pili hakupata. Tunu alikaa dukani nyuma ya mizani, redio inaongea peke yake.

Asubuhi moja ya Desemba, watu wamejaa barabarani na bodaboda zinapiga honi, sauti ndefu ikapasua mtaa mzima wa Kasulu. Wapita njia waligeuka. Muuza nguo wa jirani, Mansuri, alitoka nje kukemea.

"Yeweee! Ni jewe Kalunga!"

Alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara kwa magongo mawili mapya, kofia kichwani, suruali imekunjwa mguu mmoja, anatazamwa na soko zima na hajali.

Tunu aliitupa mizani. Aliitika kabla hajafika mlangoni.